Kuificha breki isionwe na kontroboksi

Ukikanyaga breki kwa mguu wa kushoto na mafuta kwa mguu wa kulia, gari ya kebo (ambayo pedeli inaivuta throtoli, mlango wa hewa wa injini, kwa waya wa chuma) itanguruma pale pale ilipo mpaka uiachie. Gari ya throtoli ya umeme haikubali hivyo. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ikiona breki na mafuta yamekanyagwa pamoja, inachukulia kuwa kuna hatari, inaifunga throtoli, na injini inabaki chini hata pedeli ikigusa sakafu. Kwa anayekwenda kazini hiyo ni kinga. Kwa anayepanga gari kwenye mstari wa drag (mbio fupi za njia iliyonyooka), anayetaka mzunguko wa injini uwe juu kabla taa ya kijani haijawaka, ni kero. Ndiyo maana watu hutia kitufe kinachoificha breki isionwe na kontroboksi kwa sekunde chache.

Kitufe chenyewe si kazi ngumu, fundi waya aliyetulia anaimaliza asubuhi moja. Gari nyingi zinaharibiwa na kitu kingine: kukata waya bila kujua nani mwingine anaitegemea. Na wengine wanakata ilhali gari yao haikuhitaji kukatwa kitu.

Kabla ya yote: Unguja na Pemba hazina uwanja wa kudumu wa drag. Anayeshindana kwa haki hufunga njia kwa kibali au huipakia gari melini kwenda bara. Mfumo huu si wa barabara ya Bububu wala Fumba, si usiku, si alfajiri, na ndiyo sababu tutaujenga ili uzimike kabisa kwa kuchomoa fyuzi moja.

Je, gari yako inaukata moto kweli?

Toyota ilianza kuieneza kinga hii baada ya msukosuko wa 2009, pale gari zake zilipolaumiwa Marekani kwa kwenda kasi zenyewe, na kapeti za sakafuni zilizonasa pedeli ya mafuta zikawa miongoni mwa sababu. Kampuni ikaahidi kuitia kwenye gari zake mpya za soko la Marekani ifikapo mwisho wa 2010. Gari nyingi za zamani tunazoletewa kutoka Japani zenye throtoli ya umeme zinaweza kuwa hazina kinga hiyo kabisa. (Kwa kuwa tumetaja kapeti: kuna gari ngapi mjini zimetandikwa mpira juu ya kapeti juu ya kapeti ya Kijapani? Toa mbili, bakisha moja, na hiyo moja ifunge kwenye ndoano zake.)

Kuna jambo wengi hawalijui. Toyota walipoieleza kinga yao walisema haifanyi kazi ikiwa breki imekanyagwa kabla ya mafuta, ili dereva aweze kuondoka mlimani bila gari kurudi nyuma, na kwamba gari lazima iwe tayari inatembea. Maana yake kwa mtu wa drag ni kubwa. Yeye anaanza na breki, gari imesimama, kisha anapandisha mafuta. Huo ndio mpangilio ambao kinga ya Toyota inauachia upite. Kwa hiyo mwenye Toyota anayelalamika kwamba gari "inakata moto" mstarini, mara nyingi anakatwa na kitu kingine.

Cha kwanza kushukiwa ni TRC (kizuizi cha tairi kuteleza) na VSC (kinachoiweka gari isiyumbe). Matairi yanayoisukuma gari yakianza kuteleza kidogo tu, mfumo huo unaomba injini ipunguzwe nguvu. Kwenye Toyota nyingi kubonyeza kitufe chake mara moja kunazima TRC peke yake, na kukishikilia kwa sekunde tatu au zaidi gari ikiwa imesimama kunazima na VSC. Angalia taa ya dashibodi ikuthibitishie.

Cha pili ni tokikonveta yenyewe, ile inayounganisha injini na giaboksi ya otomatiki kwa oili. Ile ya kiwandani ina kikomo chake cha mzunguko gari ikiwa imezuiwa, mara nyingi kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika. Injini ikifika hapo ikagoma kupanda, hakuna aliyeikata. Imefika ukutani, na kitufe hakitaongeza hata mzunguko mmoja. Anayetaka zaidi anatafuta konveta nyingine, na hiyo ni bei nyingine na mazungumzo mengine.

Namna ya kupima ni hii. Tafuta uwanja wa watu binafsi ulio wazi, usiwe na mtu mbele wala nyuma. Injini na giaboksi viwe vimepata moto wa kawaida. Vuta hendibreki, weka kizuizi mbele na nyuma ya matairi, kanyaga breki kwa nguvu, tia D, kisha kanyaga mafuta taratibu ukitazama mita ya mzunguko. Usizidishe sekunde tano. Hicho ndicho kikomo ambacho vitabu vya Toyota hukitaja kwa kipimo cha namna hii, kwa sababu nguvu yote ya injini wakati huo inageuka joto ndani ya oili ya giaboksi. Mshale ukipanda mpaka 2,000 na kutulia, huna haja ya kukata waya. Ukipanda kisha ukaanguka ghafla huku pedeli ya mafuta iko pale pale, na TRC imezimwa, basi kinga ipo na tuendelee.

Gari za Ulaya, VW na wenzake, zina kinga hii tangu zamani na nyingi hazijali kipi kilitangulia. Lakini ndizo pia zinazoleta shida zaidi, maana kwenye baadhi yao habari ya breki haifiki kontroboksi ya injini kwa waya yake peke yake. Inapita kwenye mtandao wa gari pamoja na habari nyingine. Huko kukata waya hakusaidii kitu, na yanayofuata hapa chini si ya gari hizo.

Waya moja, wenyewe wengi

Swichi ya taa za breki iko juu ya pedeli. Kwenye Toyota nyingi zenye throtoli ya umeme ina pini nne, kwa sababu ndani yake mna swichi mbili zinazofanya kazi kinyume.

Ya kwanza iko wazi pedeli ikiwa juu na inafunga ukikanyaga. Inapata umeme wa betri kupitia fyuzi iliyoandikwa STOP na kuupeleka kwenye waya inayoitwa STP. Waya hiyo inagawanyika njiani. Tawi moja linakwenda kwenye taa za nyuma, jingine kwenye ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga), jingine kwenye kifungio cha gia kinachokuzuia kutoka P bila breki, jingine kwenye mfumo wa kuwasha kwa kitufe kama gari inao, na tawi moja jembamba linafika kontroboksi ya injini.

Ya pili ni kinyume chake: imefunga pedeli ikiwa juu, inafunguka ukikanyaga. Inapata umeme wa switi ya ufunguo na kuupeleka kontroboksi kwenye pini iliyoandikwa ST1-. Kontroboksi inazilinganisha hizi mbili muda wote. Pedeli ikiwa juu, STP iwe chini ya volti 1.5 na ST1- iwe kati ya 7.5 na 14. Ukikanyaga zibadilishane. Zikikosa kupatana, inaandika kodi (namba ya hitilafu) P0504, inawasha taa ya injini, na kruzi, ile inayoshika kasi yenyewe, inakufa.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mtu anaona mchoro wa haraka haraka, anakata waya ya STP pale pale kwenye swichi, anatia swichi ya juu-chini ya kawaida, anaondoka. Matokeo yake taa za breki haziwaki, gia haitoki P, gari haiwaki kwa kitufe, na kontroboksi ambayo bado inaona ST1- ikianguka imeshajua kuna uongo. Tena gari isiyo na taa za breki kwenye foleni ya Darajani ni suala la dakika chache tu kabla haijagongwa nyuma.

Kwa hiyo tunagusa mahali pawili tu: tawi la STP linaloingia kontroboksi, baada ya migawanyiko yote, na waya ya ST1-. Na tunazigeuza zote mbili kwa pamoja.

Rilei gani

Kugeuza huko kunafanywa na rilei, yaani swichi inayovutwa na koili ya umeme. Kila mtu atakupa ile nyeusi ya mraba, ya honi na taa kubwa. Inafanya kazi, lakini tuna maneno mawili juu yake.

Kwanza, soma mchoro uliochorwa ubavuni. Unahitaji yenye 30 (mguso wa kati), 85 na 86 (koili), 87 (unaofungwa koili ikipata umeme) na 87a (unaofungwa rilei ikiwa imelala). Madukani kuna zenye pini nne, ambazo hazina 87a, na kuna za pini tano ambazo ile ya katikati ni 87 ya pili, si 87a. Kwa macho zinafanana kabisa. Ukitia ya aina hiyo, kontroboksi haitaona breki kamwe mpaka ubonyeze kitufe, yaani kinyume cha unachokitaka.

Pili, na hili linatuhusu sisi wa visiwani zaidi kuliko wa Dodoma: rilei hiyo imetengenezwa kubeba ampea 30. Mguso wake wa ndani unajisafisha kwa cheche za umeme mwingi. Hapa tunaupitishia miliampea chache tu, ambazo haziwezi kuchoma utando unaojijenga juu ya fedha ya mguso. Ongeza hewa ya chumvi na unyevu wa masika, na baada ya miezi kadhaa waya iliyokuwa imeungana kiwandani inapitia kwenye mguso mchafu. Taa ya injini inaanza kuwaka na kuzima yenyewe, na hakuna anayekumbuka kile kiboksi alichokitia chini ya dashibodi.

Bora zaidi ni rilei ndogo ya saketi iliyozibwa pande zote, yenye seti mbili za kugeuza ndani ya ganda moja na miguso iliyopakwa dhahabu. Omron G5V-2 ya volti 12 ni mfano mzuri. Koili yake inakula karibu miliampea 42 tu, na kwa kuwa seti zote mbili zinavutwa na koili moja, STP na ST1- zinageuka pamoja. Usiitafute kwenye maduka ya spea. Ulizia wanakonunua mafundi wa redio na televisheni, Mlandege na Darajani, na ukiikosa iagizie Kariakoo, inakuja kwa boti ndani ya bahasha. Aliyeko Chake au Wete aagize mbili kwa mkupuo.

Vingine ni hivi: kibao kidogo cha matundu cha kuilehemu rilei, kisanduku cha plastiki chenye mfuniko, diodi 1N4007 moja, rezista ya ohm 470 ya wati 1, rezista ya kilo-ohm 1, taa ndogo ya LED ya rangi ya chungwa, kishikio cha fyuzi na fyuzi ya ampea 1 au 2, na kitufe cha kubonyeza kinachojirudisha chenyewe, chenye mpira wa kuzuia maji. Kijirudishe. Swichi ya juu-chini utaisahau imewashwa, na utaikumbuka siku utakapohitaji kinga uliyoizima.

Waya ya milimita za mraba 0.5 inatosha. Usinunue ile rahisi ya spika yenye alumini iliyopakwa shaba. Ikwangue kwa kisu, ikitoa weupe iache, haishiki risasi vizuri na chumvi inaila upesi. Waya iliyotolewa kwenye gari ya Kijapani iliyochinjwa ni bora kuliko nyingi mpya: ngozi yake nyembamba lakini inastahimili joto na oili, na nyuzi zake ni shaba tupu.

Kuunganisha

Tenganisha hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kutia mkono chini ya usukani, kwa ajili ya eabegi. Waya zilizovikwa njano ni zake, usiziguse wala usizipime. Kama redio bado ni ile ya Kijapani iliyokuja na gari, ujue kwamba nyingine zikikatwa umeme zinadai namba ya siri au CD ya ramani iliyobaki Yokohama. Wengi ndivyo walivyobaki na kioo kinachoandika Kijapani kwa maisha. Ukitaka kuepuka hilo, itafutie namba yake kabla.

Tafuta waya zako kwenye plagi ya kontroboksi, si kwenye swichi. Kontroboksi inaweza kuwa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria au ndani ya boneti kwenye sanduku lake. Usiamini rangi uliyoambiwa na mwenye gari ya mwaka mwingine. Rudisha betri kwa muda, fungua switi bila kuwasha injini, chomeka sindano ya multimita kutokea nyuma ya plagi na mtu akukanyagie breki. Inayotoka karibu na sifuri kwenda 12 ni STP. Inayotoka 12 kwenda sifuri ni ST1-. Usitoboe ngozi ya waya kwa sindano. Tundu hilo halionekani, lakini unyevu wa chumvi unalipata, na waya inaoza kwa ndani ikiwa na rangi ya kijani huku nje inang'aa.

Ondoa betri tena. Kata STP sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye plagi, uwe na nafasi ya kurudi. Kabla hujafanya jingine, hakikisha umekata tawi lenyewe: rudisha betri, kanyaga breki bila kufungua switi, na taa za nyuma ziwake zote pamoja na ile ya juu ya kioo. Zisipowaka umekata kabla ya mgawanyiko. Iunge tena, sogea karibu zaidi na plagi. Kisha kata ST1- vivyo hivyo.

Sasa kila waya ina ncha mbili: ya upande wa kontroboksi na ya upande wa swichi. Kwa STP, ncha ya kontroboksi inakwenda kwenye mguso wa kati wa seti ya kwanza, ambao kwenye rilei ya mraba ni 30. Ncha ya swichi inakwenda kwenye mguso unaofungwa rilei ikiwa imelala, yaani 87a. Mguso wa tatu, 87, unaupeleka bodini kupitia rezista ya ohm 470. Usiuache ukining'inia. Kiwandani, STP ikiwa haina umeme inavutwa chini na nyuzi za balbu za nyuma. Ukiikata tu ikabaki hewani, kontroboksi inaweza kusoma volti za kubahatisha. Rezista inafanya kazi ya balbu, na pia inakuokoa ukikosea: hata volti 14 zikiipitia kwa bahati mbaya, inatoa joto la chini ya nusu wati na hakuna kinachoungua.

Kwa ST1-, ncha ya kontroboksi tena kwenye mguso wa kati wa seti ya pili, ncha ya swichi kwenye 87a, na 87 inapewa umeme wa volti 12. Umeme huu uchukue kwenye ile pini ya swichi ya breki inayoingiza umeme wa switi, si penginepo. Hivyo unatoka kwenye fyuzi ile ile ya kiwandani na unakatika pamoja nayo ukizima gari. Ukichukua umeme wa kudumu wa betri, kontroboksi italishwa kinyumenyume gari ikiwa imezimwa.

Koili ni rahisi. Umeme wa switi, fyuzi yako, kitufe, koili, bodi. Diodi inakaa sambamba na koili, mstari wake mweupe ukiangalia chanya. Ukiigeuza, fyuzi inakatika mara ya kwanza unapobonyeza. Bila diodi, koili inapoachia inarusha mshituko wa volti nyingi kwenye waya zilizo jirani na kontroboksi, na bei ya kontroboksi unaijua. LED na rezista yake ya kilo-ohm 1 zinakaa sambamba na koili pia, ili uione ikiwaka kila unapobonyeza.

Tumetumia 87a kwa makusudi. Fyuzi ikikatika, kitufe kikiharibika, waya ya koili ikikatika, rilei inalala na gari inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Ukimaliza mashindano unachomoa fyuzi unaitia mfukoni, kitufe kinakuwa pambo.

Kulehemu: risasi ya 60/40 yenye dawa ndani yake. Ile dawa ya kopo ya mafundi bati ina asidi, inaendelea kula shaba baada ya wewe kwenda zako. Funika kila kiungo kwa mpira wa kujibana kwa joto wenye gundi ndani. Utepe mweusi kwa joto letu unageuka ulimbo ndani ya mwaka. Na waya ikilehemiwa inakuwa ngumu pale risasi ilipoishia, ikitikisika inakatikia hapo hapo, kwa hiyo ifunge kwenye shada sentimita mbili tatu pande zote za kiungo. Kisanduku kitie juu, nyuma ya dashibodi, mdomo wa waya ukitazama chini. Kisiwe sakafuni, kwa sababu maji ya mafuriko wakati wa masika yanaingia ndani ya gari kutokea chini ya mlango.

Kitufe kikae kwenye gia au pembeni yake. Gari zetu zina usukani kulia, miguu yote miwili ina kazi, mkono wa kulia unashika usukani, kwa hiyo kidole gumba cha kushoto ndicho kilichobaki. Usiipitishe waya yake kwenye usukani kupitia kile kikoili cha honi na eabegi.

Kupima

Kuna vipimo vinne kwenye plagi ya kontroboksi, switi ikiwa wazi. Pedeli juu, kitufe hakijaguswa: STP karibu na sifuri, ST1- karibu na 12. Pedeli chini, kitufe hakijaguswa: zibadilishane. Pedeli juu, kitufe kimebonyezwa: kisibadilike kitu. Pedeli chini, kitufe kimebonyezwa: STP ibaki chini ya 1.5, ST1- ibaki 12, na taa za nyuma ziwe zinawaka. Hicho cha nne ndicho ulichokuwa ukikitafuta. Halafu washa injini, hamisha gia kutoka P, zunguka uwanjani, breki mara kumi, na usome kodi.

Mstarini

Mpangilio una maana. Gari iwe tayari kwenye D, maana kifungio cha gia kinataka breki kwanza ndipo utoke P. Bonyeza kitufe kwanza, kisha breki, kisha mafuta. Ukikanyaga breki na mafuta halafu ndiyo ubonyeze, kontroboksi imeshaona na gari nyingine hazisamehi mpaka uachie mafuta. Ikiwaka kijani, mguu wa breki utoke kabla ya kidole. Kidole kikitangulia, nguvu inakatwa papo hapo na gari inaondoka kama imeshikwa shati.

Breki zenyewe zina mpaka wake. Sevo, kile kinachokusaidia kukanyaga breki, inafanya kazi kwa mvuto wa hewa wa injini, na throtoli ikifunguka mvuto huo unapotea. Kinachobaki ni akiba ya mikanyago miwili hivi, ikishikiliwa na valvu ya njia moja iliyo kwenye bomba lake. Kwa hiyo kanyaga mara moja kwa nguvu kabla ya kupandisha mafuta na usipampu. Ukipampu pedeli inakuwa jiwe na gari inaanza kujisogeza mbele, na hiyo ndiyo hali ambayo kinga ya kiwandani ilitengenezwa kuizuia. Zima injini, subiri kidogo, kanyaga breki: mkanyago wa kwanza na wa pili ukiwa laini valvu ni nzima. Ukiwa mgumu tangu wa kwanza, badilisha valvu kabla ya kufikiria drag.

Sekunde mbili tatu za kushikilia zinatosha mtu aliyejipanga. Kati ya mbio na mbio iache gari kwenye N injini ikizunguka ili oili ipite kwenye rejeta. Oili ya giaboksi ikinuka kuungua na kuwa kahawia, hesabu imeshaanza.

Anayetaka kuchoma tairi tu, kupasha mpira moto kabla ya kupanga, hahitaji kitufe hiki. Kwa gari ya kusukuma nyuma kuna valvu ya umeme inayofungia presha kwenye breki za mbele pekee: unakanyaga, unabonyeza, unaachia pedeli, mbele kumeshikwa na nyuma kuko huru. Kwa kuwa pedeli imerudi juu, kontroboksi haioni breki na haikati chochote. Lakini hiyo inaingia kwenye mabomba ya breki, inadai kutoa hewa upya, na kwa gari za kuvuta mbele zenye mabomba ya kupishana msalaba haifai kutiwa kiholela. Koili yake pia inachemka ikishikwa muda mrefu, kwa hiyo si ya kuegeshea gari.

Ikigoma

Kodi ya P0504 ikija mara tu baada ya kazi, mara nyingi umegeuza waya moja tu kati ya mbili, au ncha za swichi na kontroboksi zimepishana. Ikija baada ya kutia balbu za LED nyuma, si kosa la kitufe: LED hazivuti STP chini kama balbu za nyuzi, na baadhi ya gari hazipendi hilo. Rudisha hata balbu moja ya wati 21 upande mmoja uone. Gari ikikata nguvu mstarini hata kitufe kikiwa kimebonyezwa na vipimo vyote vinne viko sawa, habari ya breki inapita njia nyingine, ama kutoka ABS au kwenye sensa ya presha ya breki, na hapo acha kukata waya.

Kodi ya P0504 ikija miezi baadaye, kitufe hakijaguswa na fyuzi imechomolewa, pima volti kati ya mguso wa kati na 87a kwa kila seti: STP ukiwa umekanyaga breki, ST1- pedeli ikiwa juu. Inatakiwa isome sifuri. Ikisoma hata nusu volti mguso umechafuka, na rilei hiyo haisafishwi, inabadilishwa.